Kuku Walipokula Barabara: namna ya kuwaingiza majirani kwenye mipango ya mtaa

Nina mashine ya kukoboa na kusaga kwenye mtaa mmoja wa Jiji la Mbeya, upande unaotazama mlima Loleza. Watu wananiita Mama Mashine, hata wale wanaolijua jina langu. Miaka kadhaa sasa ni mjumbe wa kamati ya mtaa, na nimewahi kusaidia kuitisha mkutano wa mipango ya maendeleo wakaja watu 17, kwenye mtaa wenye kaya zaidi ya 400. Hao 17 ni pamoja na mwenyekiti, mtendaji na mimi mwenyewe. Tulifunga mkutano mapema, nikarudi kwangu, nikakuta uani watu kama 30 wamekalia ndoo zao wanasubiri umeme urudi. Walikuwa wanabishana juu ya mtaro, jambo lilelile tulilotoka kulijadili na viti vitupu.

Kwa hiyo haya ninayoandika nimejifunzia uani kwangu, siyo kwenye semina. Nawaandikia wajumbe wenzangu, wenyeviti walioingia kwenye uchaguzi wa Novemba 2024 ambao bado wanashangaa kwa nini watu hawaji, na kijana yeyote anayetaka mtaa wake usipangwe na watu wasiowahi kuukanyaga.

Usianze na mkutano

Mkutano ni mahali pa kuandika kile ambacho watu wameshakubaliana. Ukiuita kabla hawajazungumza, utapata wale wanaopenda kuzungumza tu, nao mtaani kwetu ni watatu na wanafahamika.

Anzia mahali ambapo watu tayari wamekaa kwa shida zao wenyewe. Kwangu ni mashineni. Kwako inaweza kuwa bombani, gengeni, kijiwe cha bajaji, siku ya kikoba, au jumuiya baada ya sala. Usiende na karatasi, maana ukitoa kalamu tu mtu anaanza kuongea kama yuko ofisini: "Tunaishukuru serikali kwa juhudi zake..." Nenda na swali moja, nalo liwe la kitu kinachoonekana kwa macho. Mimi nilikuwa nauliza, "Mvua ikinyesha, maji yanaingia kwako yakitokea wapi?" Ukimuuliza mtu anaonaje mpango wa maendeleo wa mtaa atakuangalia tu. Muulize maji yanatokea wapi, atasimama, atakushika mkono, atakupeleka.

Sikiliza wiki mbili au tatu kabla hujasema la kwako. Mimi nilidhani shida kubwa ya mtaa ni taa za barabarani, kwa sababu mashine naifunga usiku na naogopa kurudi nyumbani na hela. Wanawake kumi na zaidi waliniambia mtaro. Taa hawakuzitaja kabisa. Nikanyamaza na taa zangu.

Hasira ni za Februari, bajeti ni ya Oktoba

Hili ndilo lililotuangusha mara mbili, na sijaona mtu analieleza vizuri.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Lakini ukienda kuomba kitu Julai umeshachelewa mwaka mzima, kwa sababu kitakachofanyika kuanzia Julai hiyo kimeshapitishwa. Mipango inaanza kukusanywa kwenye mitaa kuanzia karibu Oktoba hadi Desemba. Inapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, katibu wake ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Kutoka hapo inakwenda halmashauri kwa wataalamu, inafika Baraza la Madiwani mwanzoni mwa mwaka, kisha inaondoka kwenda mkoani na juu zaidi mpaka bungeni.

Sasa angalia mvua za kwetu. Zinaanza Novemba, zinakomaa Januari mpaka Machi. Tope linapoingia sebuleni kwa mtu ni Februari. Siku hiyo ukiitisha mkutano watajaa mpaka barabarani, watapiga kelele, watataka mtaro kesho. Nawe huna cha kuwapa, maana kapu limeshafungwa. Ukiwangoja mpaka Oktoba, wakati kapu liko wazi, ni kiangazi, vumbi tupu, kila mtu anawaza mbegu na mbolea. Nani atakumbuka maji?

Tulichofanya ni kuhifadhi Februari ndani ya Oktoba. Maji yalipoingia nyumbani kwa mtu, tulimwomba achore mstari kwa mkaa ukutani pale yalipoishia, aandike na tarehe. Wenye simu za kupiga picha walipiga, picha ya mstari na picha ya mlango. Mwaka ule tulipata mistari kwenye nyumba 23. Nyumba moja mstari ulikuwa unafika kwenye kitasa. Mwenye nyumba alitaka kupaka chokaa sikukuu ya Pasaka, nikamsihi aache ukuta huo mmoja mpaka mwezi wa kumi na moja, akaacha huku akinung'unika kwamba wageni wake watamwona mchafu. Oktoba tulipopita na watu nyumba kwa nyumba, ile mistari ilisema yenyewe.

Jua kitu ni cha nani

Tulipoteza miezi kadhaa kwa barua iliyokwenda ofisi isiyohusika. Ofisi yenyewe haina kosa, sisi ndio hatukuuliza. Kwa kifupi: barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barabara za mitaani, pamoja na mitaro inayoandamana nazo, tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Maji ya bomba ni mamlaka ya maji. Taka, masoko, zahanati, shule za msingi na michoro ya mipango miji viko halmashauri. Kabla ya kuandika barua yoyote mpigie mtendaji wa mtaa umuulize, "Hiki anayekijenga ni nani?" Kama hajui, mwambieni mwende naye kuuliza. Naye atajifunza.

Ramani uani

Watu wengi hawasomi mchoro wa mipango miji, na siyo kwa sababu hawakusoma shule. Ule mchoro una namba za viwanja, hauna mwembe wa nani wala duka la nani. Mimi mwenyewe nilipooneshwa mara ya kwanza niliushika kichwa chini miguu juu, na afisa alikuwa na adabu ya kutosha asinicheke.

Kwa hiyo tukachora wa kwetu, chini, uani. Nilikuwa na pumba magunia mawili, nikasema hizi zitafanya barabara. Tukamwaga vizuri, barabara kuu pana, vichochoro vyembamba, korongo tukalichimba kwa fimbo. Nyumba tukaweka magunzi. Tulipogeuka kuwasalimia wazee waliokuwa wanaingia, kuku wangu wakala barabara. Wote tukacheka, na kusema kweli kicheko kile kilitusaidia kuliko hotuba, maana bibi mmoja ambaye hajawahi kufungua mdomo kwenye mkutano alisema, "Hata kuku wanajua hiyo barabara haifai." Tangu siku hiyo barabara tunachora kwa majivu. Pumba wale kuku.

Namna ya kuifanya: chagua uwanja ambao kila mtu ana haki ya kuingia. Usiwe kwa kiongozi wa chama chochote. Fanya Jumapili kuanzia saa nane mchana, watu wametoka kanisani na wameshakula. Agosti na Septemba epuka saa za upepo, Mbeya upepo wa miezi hiyo utakubebea mtaa mzima. Anza kwa kuweka vitu viwili ambavyo hakuna anayebishania, kwetu ilikuwa barabara kuu na msikiti. Halafu kaa kimya. Mwache kila anayeingia aweke gunzi la nyumba yake kwa mkono wake. Ukimsaidia mtu kuweka nyumba yake, umemnyang'anya ramani.

Nyumba zikishakaa, mwombe mmoja amwage maji kikombe kimoja pale yanapotokea kweli. Wote watainama kuangalia yanakwenda wapi. Hapo ndipo ubishi wa kweli unapoanza, na hapo ndipo nawe uchukue daftari.

Mtakapomaliza, pigeni picha kutoka juu ya ngazi, kisha mmoja mwenye mwandiko mzuri ainakili kwenye karatasi kubwa. Halafu tembeeni. Tembeeni ile njia ya maji kwa miguu, kutoka juu mpaka chini, mkiwa na futi ya fundi, mkipima. Tulipima mita 260. Kabla ya kupima kila mtu alikuwa na namba yake, wa juu alisema mita 100, wa chini nusu kilomita.

Kutembea ndiko kulikotuonesha pia nyumba zilizoko ndani ya korongo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ukiishika sheria hiyo kwa futi kwenye miji ya milimani, utagusa watu wengi. Hilo linanipeleka kwenye hofu.

"Mkichora mtatubomolea"

Hii utaisikia. Nilisikia kwa watu watano siku ya kwanza. Mmoja alikuja usiku akaondoa gunzi lake kwenye ramani. Kweli kabisa, asubuhi halikuwepo.

Usiwacheke. Watu wameona alama za X nyekundu kwenye kuta, wameona vibanda vinavyohama barabara kuu inapopanuliwa, na upanuzi wa njia nne kutoka Uyole mpaka Ifisi, kilomita 29, umepita mbele ya macho yetu sote. Hata kwenye urasimishaji wa makazi, wapo waliolipia upimaji wakidhani mwisho wake ni hati, wakajikuta wametoa na kipande cha kiwanja kwa ajili ya barabara bila fidia.

Mimi nilimjibu yule wa gunzi hivi: "Baba, ramani yenye nyumba yako tayari ipo. Wana picha za angani. Asiyekuwa nayo ni wewe." Akakaa kimya, akarudisha gunzi lake, ila alilisogeza kidogo mbali na korongo. Nikaliacha palepale.

Lakini usiahidi. Usiseme "hakuna atakayebomolewa" wala "mtalipwa." Huna mamlaka hayo, na siku moja ukisema uongo mmoja hutaitisha watu tena. Sema unachojua: kwamba mpango mkubwa wa mji au mchoro wa eneo unapotayarishwa, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi wa hapo washirikishwe. Kwamba mtu akitaka kubadilisha matumizi ya kiwanja, mathalani nyumba iwe baa, kuna tangazo, na tangazo lina siku za kuweka pingamizi, kwa hiyo lisomeni mpaka mwisho. Kwamba kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, raia anaweza kuandika barua ofisi ya umma kuomba taarifa, na anatakiwa kujibiwa ndani ya siku 30. Andikeni barua mbili zinazofanana, moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Bila muhuri hamjaandika kitu.

Jambo moja lilibadilisha masikio ya watu hapa mjini. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka mlima Kawetele likafunika nyumba kule Itezi. Tangu hapo nikisema mlima, watu wananyamaza. Sipendi kuutumia msiba wa wenzetu kama fimbo, lakini baada ya hapo watu wa juu mtaani kwetu wenyewe ndio walioniuliza ni miti gani ipandwe kwenye mteremko na nani aache kulima pale.

Bibi, kaburi na mita mbili

Mtaro ulihitaji kupita pamoja na njia, na njia ilikuwa kichochoro ambacho bajaji haipiti. Mgonjwa akitolewa nyumba za juu, anabebwa kwenye kiti. Jeneza likitoka, waliobeba wanageuka ubavu. Vijana walitaka kichochoro kitanuliwe kifike mita nne, na mahali pamoja ilibidi bibi fulani atoe mita mbili za kiwanja chake.

Bibi akakataa. Hakuja mkutanoni kusema hivyo, alituma mjukuu. Vijana wakaanza maneno, bibi anazuia maendeleo. Mmoja akaandika kwenye kundi la WhatsApp maneno ambayo sitayarudia. Nikamwita, nikamwambia kama ni mwanangu angeyafuta, akayafuta.

Nilikwenda kwa bibi mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda kumshawishi, nikala ndizi zake nikaondoka bila kitu. Mara ya pili nilikwenda na mwenyekiti, likawa kosa kubwa, maana alivaa nguo za kutokea na akaongea kama yuko barazani. Mara ya tatu nilimpelekea unga wake aliouacha mashineni, nikamkuta anafagia nyuma ya nyumba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeleta unga au umeleta futi?"

"Unga, bibi."

Akaendelea kufagia. Alikuwa anafagia kaburi. Kaburi la saruji lililokwisha pauka rangi, limepakana kabisa na kichochoro. Mume wake. Nilipita pale miaka yote sikuwahi kuliona, kwa sababu ya ua wa matete.

"Mnataka bajaji zimpite kichwani babu yenu?"

Basi. Hakuwa anakataa barabara. Tulirudi kwenye ramani ya majivu, tukaweka jiwe jeupe pale penye kaburi, na barabara ikapinda upande wa pili. Upande wa pili ni nyumba ya mtu anayeishi Dar es Salaam, amepangisha. Nani alikuwa na namba yake? Mpangaji. Mwezi wote tulikuwa tunawaambia wapangaji wakae pembeni, hii ni habari ya wenye nyumba. Tulipiga simu, mwenye nyumba akakubali mita moja na nusu, kwa sharti iandikwe ofisini kwa mtendaji, na mashahidi, na muhuri. Barabara ikawa mita tatu na nusu badala ya nne. Bajaji inapita. Jeneza linapita likiwa limenyooka.

Kwa hiyo mtu akikataa, usihesabu kura. Nenda ukaone anakataa nini hasa, na uende peke yako, bila cheo.

Na wapangaji wahesabuni tangu mwanzo. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mpangaji ni mkazi. Mjini maji mengi yanayoingia ndani yanaingia kwenye vyumba vya kupanga, na aliyelala chini ndiye anayejua yalifika saa ngapi.

Siku ya mkutano

Sasa unaweza kuuita. Mwenyekiti ndiye mwenye kuuita na kuuongoza, mtendaji ndiye mwandishi. Usimvuke mwenyekiti hata kama ramani ni yako. Mpelekee kazi yote mapema aione, na siku hiyo aieleze yeye kwa mdomo wake. Mimi nilikaa nyuma na akina mama wa genge.

Kuhusu siku, angalieni mambo haya: pasiwe na msiba mtaani, na ukitokea msiba asubuhi ahirisheni bila mjadala. Isiwe wiki ya kupanda. Matangazo kwenye simu hayatoshi, wazee wengi wana kitochi, simu ndogo isiyo na WhatsApp. Mpeni kijana wa bajaji hela ya mafuta apite na kipaza sauti jioni moja kabla, na mjumbe apite nyumba kwa nyumba asubuhi yake.

Tandazeni ile karatasi ya ramani ukutani kabla watu hawajaingia. Watakaowahi watasimama mbele yake watafute nyumba zao, na watakaochelewa watawakuta wamesimama. Wazee salimieni kwa heshima zao zote, ila mkifika kwenye kuchangia, ombeni wa kwanza awe mwanamke mmoja mliyemwandaa. Akianza mzee mkubwa, hakuna binti atakayempinga. Akianza binti, mzee ataongeza yake, na ataongeza vizuri.

Tulikuwa watu 143.

Halafu muhtasari. Nimeona mihtasari mingi inayosema "mkutano ulijadili changamoto mbalimbali za miundombinu." Sentensi hiyo ikifika kata imekufa. Mtaalamu hawezi kuweka "changamoto mbalimbali" kwenye bajeti. Yetu ilisomeka hivi, ukiipenda ichukue:

"Mkutano mkuu wa wakazi, uliohudhuriwa na wakazi 143 (orodha imeambatanishwa), umeazimia kuomba mtaro wa mawe wa mita 260 kutoka kisima cha zamani hadi karavati la barabara kuu, uingizwe katika bajeti ya mwaka wa fedha ujao. Nyumba 23 ziliingiwa na maji msimu uliopita (picha zimeambatanishwa). Wananchi watachangia mawe tripu 12 na kuchimba msingi."

Kuna kipimo, kuna mwanzo na mwisho, kuna hesabu ya waathirika, kuna nguvu ya wananchi. Tulitoa nakala nne: moja kwa mtendaji wa mtaa, moja kata, moja kwa diwani, na moja nimeifungia kwenye kopo la mahindi ya mbegu mashineni. Hiyo ya kwenye kopo ndiyo iliyotuokoa uongozi ulipobadilika.

Baada ya mkutano

Kamati ya kata ikikaa, muulize mwenyekiti wenu jioni hiyohiyo: limesomwa? Limewekwa la ngapi? Kata ina mitaa kadhaa na kila mmoja umekuja na lake. Sisi mwaka wa kwanza tuliwekwa nyuma ya darasa la mtaa mwingine, na kusema haki darasa lile lilikuwa halina paa. Tukakubali, ila kwa makubaliano kwamba mwaka unaofuata wao watasimama na mtaro wetu. Walisimama.

Wakati wa kungoja, kusanyeni mawe. Kuhusu hela za michango, sina mengi. Zamani mtaani kwetu palikuwa na mchango mmoja ambao uliishia mfukoni mwa mtu, na watu hawajasahau. Kwa hiyo jina la kila aliyetoa na alichotoa niliandika kwa chaki kwenye mlango wa bati wa mashine, kila mtu anayesaga ausome. Mawe yakishushwa, naandika pia tripu ya ngapi. Mtu mmoja alidai ametoa 10,000 nami nimeandika 5,000. Tulibishana mbele ya foleni nzima, tukatafuta risiti, ikawa kweli ni 10,000. Nikafuta, nikaandika upya. Wiki ile michango iliongezeka.

Mtaro ulijengwa. Awamu ya kwanza mita 160, na sehemu iliyobaki mwaka uliofuata, mpaka kwenye karavati. Masika yaliyopita nyumba zilizoingiwa na maji mtaani kwetu zilikuwa mbili, na zote ni za wale wa ndani ya korongo.

Mwezi wa tatu akaja mama mmoja mashineni, simfahamu, na debe la mahindi. Umeme ulikuwa umekatika, akakalia ndoo kama wengine. Akanisalimia, akauliza kama ndiye mimi Mama Mashine. Akasema anatoka mtaa wa chini, ng'ambo ya barabara kuu. Nami kwa mazoea nikamuuliza, "Kwako maji yanaingia yakitokea wapi?"

"Yanatokea kwenu," akasema. "Kwenye lile karavati."

Sisi tulikuwa tumepima mpaka karavati tukakunja futi. Nilimwomba radhi, nikamsagia bure, nikamuuliza Jumapili watakutana kwa nani. Akasema kwake. Nikamwambia nitakuja na mwenyekiti wangu na ile futi, na kwamba ajiandae na majivu, asitumie pumba.

"Kwa nini?"

"Unafuga kuku?"